Lenzi Iliyoingia Nusu Mzunguko

Shirika letu lilipovunjwa, kila mtu aliondoka na kitu. Dereva aliondoka na jeki. Karani wa masjala aliondoka na mashine ya kuchapa ambayo herufi R ilikuwa imekatika. Mlinzi aliondoka na geti alilokuwa analinda. Mimi, niliyekuwa mwandishi wa taarifa na mpiga picha wa mikutano ya shirika, niliondoka na kamera ya Kirusi, nzito kama tofali, baada ya mhasibu kuiandika kwenye orodha ya vitu chakavu ili ipite mlangoni bila maswali. Meneja wetu aliondoka na malori mawili na ghala.

Sisemi haya kwa wivu. Kwa kweli nasema kwa wivu, lakini ni ya kweli vilevile. Huyu ndiye aliyekuwa akitukusanya uani kila Jumatatu asubuhi, tumejikunja kwa baridi ya Sumbawanga, mikono kwapani, atuhutubie juu ya utunzaji wa mali ya umma. Huyuhuyu ndiye aliyetia sahihi barua zetu za kupunguzwa kazi, moja baada ya nyingine, kwa wino wa kijani. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa nchi nzima, akatuambia, na kila mmoja wetu sasa alikuwa huru. Miezi mitatu baadaye yale malori yalionekana mjini yamepakwa rangi ya bluu, yakipeleka mahindi Tunduma na kurudi na marobota ya mitumba. Sisi tuliendelea kumwita meneja. Mdomo ulishazoea.

Mimi nikafungua studio. Kilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko, chenye pazia la bluu, stuli, kioo cha kujitazama, na koti moja la kuazima kwa wanaume waliokuja kupiga picha za pasipoti bila koti. Mikanda ya nyeusi na nyeupe niliisafisha mwenyewe. Ya rangi niliipeleka Mbeya kwa basi na kuisubiri kama barua ya mchumba. Mume wangu, mwalimu wa fizikia sekondari, alinisaidia kwa ushauri. Hakuwahi kushika kamera maishani mwake, lakini alijua jinsi mwanga unavyopinda, na aliamini hilo lilimtosha.

Mwezi wa saba wa mwaka ule, meneja aliingia studioni bila kuvua kofia.

"Shikamoo mkuu," nikasema. Tazama mazoea.

"Marahaba. Binti yangu anaolewa wiki ijayo, Jumamosi, kule Pito kwenye nyumba yangu mpya. Nimeambiwa siku hizi ni wewe unayepiga picha. Hebu nione kamera."

Nikaiweka mezani. Aliitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wake aliyejikojolea mbele ya wageni. Aliijua. Namba ya shirika, iliyoandikwa kwa rangi nyeupe chini yake, ilikuwa haijafutika. Lakini angeitaja namba ile, tungelazimika kuzungumzia na malori, kwa hiyo wote wawili tukanyamaza kwa adabu.

"Hii fupi," akasema mwishowe.

"Fupi kivipi, mkuu?"

"Nilikwenda Mbeya kwenye harusi ya rafiki yangu. Mpiga picha wao alikuwa na kamera ndefu hivi." Akapima kwa mkono wake, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. "Nyeusi. Kila alikopita watu walimpisha. Mimi nina wageni wanatoka Mbeya, na mmoja anatoka Dar. Ukija na hicho kikopo watasema nimemwokota mpiga picha gulioni."

"Iliyokuwa ndefu pale ni lenzi tu, mkuu. Ile ni ya kuvuta vitu vya mbali. Harusini hakuna kitu cha mbali. Bibi harusi anakaa hapa, mimi nasimama pale."

"Basi tafuta hiyo lenzi," akasema akitoka. "Ama nimwite yule wa Mbeya."

Ningeweza kumwambia amwite. Mwanamke mwenye akili angemwambia amwite. Mimi nilijifunga khanga ya pili kiunoni nikaenda kwenye mitumba.

Lazima nieleze kidogo mitumba ya miaka ile ilivyokuwa. Kila kitu kilikuwa kinaingia Sumbawanga, na hakuna kilichoingiana na kingine. Ziliingia pasi za umeme zenye plagi ambazo hakuna ukuta ulioweza kuzipokea. Viliingia viatu vyenye kisu chini ya soli, vya kutelezea kwenye barafu. Fundi viatu mmoja aling'oa visu akawauzia wachinja kuku, na viatu vyenyewe vikaenda kanisani. Viliingia vikoti vidogo vizuri vya sufi, vina mikono minne, ambavyo akina mama waligombea kuwavalisha watoto wachanga, mpaka alipotokea aliyewahi kuishi Ulaya akasema ni vya mbwa. Baridi ilikuwa kali, kwa hiyo watoto waliendelea kuvaa. Kabla ya hapo tulikuwa hatuna kitu. Sasa tulikuwa na kila kitu, nusunusu.

Baada ya siku kadhaa za kutafuta, lenzi niliikuta kwenye meza ya kijana mmoja aliyekuwa akifungua marobota ya vyombo. Ilikuwa imelala katikati ya birika la umeme na mguu mmoja wa cherehani. Nyeusi, ndefu kama alivyopima meneja, ndani ya mfuko wake wa ngozi.

"Karibu mama, karibu darubini orijino," akasema kijana.

"Hii siyo darubini. Ni lenzi ya kamera."

"Ndiyo hiyo, lenzi ya darubini. Mjapani huyo, mama. Ukisimama hapa unamwona mtu wa Namanyere anakunywa chai, na unajua kama katia sukari."

Niliikagua kama ninavyojua. Niliielekeza kwenye mwanga nikachungulia. Kulikuwa na ukungu kidogo pembeni ya kioo, siyo wa kutisha. Nikaitikisa sikioni, hakikulia kitu. Nikazungusha pete ya kulengea, ikaenda bila kukwama. Nikaigeuza nyuma, mahali inapoingia kwenye kamera. Mdomo wake ulikuwa na nyuzi za kuzungushia, kama za shingo ya chupa, zile mafundi wanazoita thredi. Na kamera yangu ya Kirusi nayo ilikuwa ya kuzungushia. Kamera nyingi nilizoziona baadaye zilikuwa za meno, unachomeka na kubana; hizo ungejua palepale kwamba haziingiani. Ya kwangu ilinipa matumaini.

"Naomba niende nayo nyumbani dakika kumi nikaijaribu."

"Mali yangu haisafiri, mama."

"Basi nilete kamera niijaribu hapa."

"Lete. Lakini sikia: ukishaikaza umeinunua. Juzi kuna mtu alijaribu suruali hapa akaichana, akaniachia."

Nilipofika nyumbani nikamweleza mwalimu. Akaweka chini daftari za wanafunzi, akafurahi kama mtu aliyeitwa kumtibu waziri.

"Usikurupuke, mama," akasema. "Tupime kwanza kisayansi. Chukua kipande cha sabuni ya mche. Nenda kaligandamize lile domo la lenzi kwenye sabuni, uniletee alama."

Nikarudi sokoni na sabuni. Kijana wa mitumba aliniangalia nikiligandamiza domo la lenzi kwenye sabuni ya kufulia, akamnong'oneza mwenzake, "Huyu mama anataka kuichongea ufunguo." Nikaifuta vizuri, nikarudi na sabuni yangu mkononi kama mtu aliyebeba hostia. Mwalimu akaweka rula.

"Milimita arobaini na mbili."

Akapima mdomo wa kamera.

"Arobaini na mbili!" Akanitazama juu ya miwani. "Imekubali. Namba hazidanganyi."

Kesho yake nikaenda na kamera yenyewe. Habari zilishasambaa kwamba kuna mwanamke atafunga darubini, kwa hiyo meza ilizungukwa na watu kumi na tano hivi, wote mabingwa. Nikatoa lenzi yangu fupi, nikashika ile ndefu, nikaielekeza mdomoni mwa kamera, nikazungusha taratibu. Ikashika. Ikaenda kwa ulaini, robo, kisha nusu.

"Hapo hapo!" kijana akanishika mkono. "Nusu inatosha, mama. Zaidi ya nusu ni mali yako."

"Imeingia!" wakasema wale mabingwa.

"Imeingia kama ya kwake," akasema mmoja aliyekuwa amebeba kuku.

Na kweli ilikuwa imeingia. Ndivyo ilivyonipata. Kitu kisichoingia kabisa hakiwezi kukuumiza, unakirudisha mezani unakwenda zako. Nilimwachia kijana baiskeli yangu, ambayo ndiyo bei tuliyokubaliana, nikaondoka kwa miguu nimeikumbatia lenzi, na watu wakinipisha njia. Meneja alikuwa amesema kweli, watu wanakupisha.

Jioni, kabla ya kula, nikaifunga lenzi kwenye kamera mezani mbele ya mwalimu. Mzunguko wa kwanza ukaenda vizuri. Ulipokaribia kuwa mzunguko na nusu, ikagoma. Kati ya lenzi na kamera palikuwa bado na mwanya, ungeweza kupitisha ukucha.

"Haijafika mwisho," akasema mwalimu.

"Naona. Inagoma."

"Ni kutu hiyo. Kaza."

"Sikazi. Kitu kikigoma kina sababu."

"Mama, nipe mimi." Akaichukua, akaibana kamera katikati ya magoti kama mtu anayekamua mbuzi mkaidi, akashika lenzi kwa mikono miwili, akakaza. Ikatoa mlio, krr, mfupi, kama wa mtu anayeuma mchanga kwenye ugali. Akaacha. Akajaribu kuirudisha nyuma. Haikurudi. Akajaribu kuipeleka mbele. Haikwenda.

Nikamsogezea tochi.

Akaiwasha, akachungulia ule mwanya kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akasema, kwa sauti ile anayotumia anapokosea ubaoni, "Upana ni sawasawa kabisa. Tatizo ni kwamba nyuzi za lenzi zimebanana kuliko za kamera. Zinakubaliana mwanzoni, halafu zinaanza kupandana."

"Na sabuni haikuonyesha?"

"Sabuni ilionyesha upana. Nyuzi ilibidi zihesabiwe."

"Sasa mbona hukuzihesabu?"

"Hukuniambia nihesabu nyuzi."

Nikaenda kupakua chakula. Kuna majibu ambayo mwanamke akiyajibu ndoa haitulii tena.

Ijumaa asubuhi niliipeleka kwa fundi redio wa karibu na stendi. Huyu alikuwa na sifa ya kutengeneza chochote, na sifa hiyo ilitoka kwake mwenyewe. Akaifunika kwa taulo, akaibana kwa koleo kubwa, akavuta pumzi, akaizungusha. Nikamwambia, "Fundi, unakaza, huregezi." Akasema anajua, lazima kwanza uikaze kidogo ili ishtuke. Ikashtuka. Ule mwanya wa ukucha ukawa mwanya wa karatasi.

"Mama," akaniambia akiirudisha, jasho linamtoka na baridi yote ile, "hii sasa ni kitu kimoja. Angalau haitadondoka."

Mpiga picha mwingine pekee niliyemjua mjini alikuwa amekwenda Namanyere kwenye sherehe ya upadrisho na kamera yake. Harusi ilikuwa kesho. Nikarudi nyumbani, nikamkuta mwalimu ameshajaza karatasi tatu kwa hesabu. Tangu jana alikuwa hasemi sana, na kwa mwalimu hiyo ni dalili ya majuto.

"Sikiliza," akasema. "Kwa lenzi hii, ilivyokaa, chini ya hatua kumi na nane huoni kitu ila ukungu. Mtu mmoja akisimama, umtoe kuanzia kofia mpaka viatu, urudi nyuma hatua ishirini na tano. Watu arobaini kwa pamoja," akapitisha kidole kwenye karatasi, "hatua mia na arobaini."

"Hatua mia na arobaini ni kwa jirani, baba."

"Fizikia haijui jirani," akasema. Halafu akaongeza polepole, "Nitakuja nikusaidie."

Jumamosi tulifika Pito mapema. Kanisa la kigango lilikuwa dogo. Kutoka mlangoni mpaka altareni hazifiki hatua kumi na tano. Humo ndani lenzi yangu ilikuwa kipofu. Nikatoka nje, nikarudi nyuma mpaka kwenye mikaratusi, nikalenga kupitia mlango uliokuwa wazi. Ndani giza. Katika giza lile nikaona kitu chekundu kikicheza. Nilipolenga vizuri nikakuta ni sikio la padre. Maharusi walikuwa upande wa kushoto, nyuma ya ukuta. Walipokuwa wakivishana pete nilibonyeza mara tatu, kwa imani tu. Mama wa bibi harusi alisimulia baadaye kwamba alikuwa akinitafuta kanisa zima kwa macho, akadhani nimeugua.

Karamuni mambo yalibadilika. Jua la saa nane lilikuwa kali na upepo wa Ufipa ulikuwa unapiga turubai kama unalidai. Nilisimama hatua ishirini na tano kutoka meza kuu, katikati ya mabua ya ulezi uliokwishavunwa, nikainua lile dude. Turubai zima likageuka.

Nilitegemea kucheka kwao. Hawakucheka. Wageni wa Mbeya waliguswa. Yule wa Dar akasimama ili aone vizuri.

"Mnamwona?" meneja akawaambia, kwa sauti iliyonifikia kule kwenye mabua. "Huyu hawasogelei watu kama wafanyavyo wapiga picha wa vichochoroni. Anapiga akiwa kule kule. Ni mfanyakazi wangu wa zamani huyu. Nilimlea mwenyewe."

Akarekebisha tai, akatabasamu kuelekea kwangu. Nikambonyezea. Kuanzia kofia mpaka viatu, alijaza picha yote.

Lakini watu hawawezi kumkumbuka kwa saa nzima mpiga picha aliye shambani. Baada ya muda wakanisahau, na hapo nikaanza kuona vitu ambavyo kwa miaka yangu yote ya kupiga picha sikuwahi kuonyeshwa. Mtu mbele ya kamera ya karibu hukaza shingo, huweka mikono magotini, huonekana kama anasubiri hukumu. Kwa mbali nilimwona bibi harusi akivua viatu chini ya meza na kukunja uso kwa raha. Nilimwona mgeni wa Dar akifunga mapaja mawili ya kuku kwenye kitambaa cha kufutia mikono na kuyatia mkobani, huku akiimba pamoja na kwaya. Nilimwona mjomba wa bwana harusi amelala macho wazi. Nilimwona meneja, baada ya hotuba yake ndefu kuhusu mtu kujitegemea, akifuta jasho kwa ncha ya tai, akiwa peke yake katikati ya watu mia. Hiyo nayo niliipiga. Sikujisikia vizuri, lakini niliipiga.

Kisha ikaja picha ya pamoja.

Meneja aliwapanga mwenyewe mbele ya nyumba: maharusi katikati, yeye kulia kwao, wageni wa Mbeya nyuma yake, watu wa Pito pembeni kabisa. Nikaanza kurudi nyuma. Nikapita mabua ya ulezi, nikavuka mfereji mkavu, nikaingia shamba la jirani. Mwalimu alihesabu hatua kwa sauti, akiwa na suti yake ya pekee na tai ya mahafali. Mia na arobaini ilipotimia nikageuka, nikaangalia kwenye kamera, na watu wote arobaini walikuwa ndani, kutoka ukingo mpaka ukingo. Hesabu ya mwalimu ilikuwa sahihi. Huo ndio mchango wake pekee usio na madhara katika jambo hili, na nauandika hapa ili asije akasema sikuutaja.

Tatizo likawa kuongea nao. Nilipaza sauti, upepo ukaichukua ukaipeleka Zambia. Nikamwambia mwalimu, "Nenda kamwambie yule mama wa kitenge cha njano aingie ndani kidogo." Akakimbia. Nikamwona kwenye lenzi akifika, akihema, akieleza kwa mikono. Wanawake watatu wenye vitenge vya njano wakasogea. Akarudi.

"Ni yule mmoja wa kushoto tu!"

Akakimbia tena. Alipokuwa anarudi mara ya nne, tai ikiwa begani, kundi la ng'ombe likatokea bondeni na kuanza kupita katikati yangu na harusi. Nyuma yao alikuja mchungaji wao, Msukuma wa makamo, mmoja wa wale waliohamia na mifugo yao kutoka kaskazini. Akasimama kando yangu, akaegemea fimbo.

"Hiyo ni bunduki, mama?"

"Ni kamera."

"Ya kumpiga nani mbali hivi?"

Nikamwambia ni harusi ile kule. Akatazama harusi, akanitazama mimi, akatazama ile lenzi, akauliza kwa huruma ya kweli, "Walikukataza kusogea?"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye matuta. Nikampa achungulie. Akageuza kamera taratibu kuelekea bondeni, akatulia, akapiga kelele: "Ndama wangu mweusi yuko kule! Tangu asubuhi namtafuta!" Akanirudishia kamera kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake kwa mwendo wa haraka. Katika watu wote walioishika lenzi ile, kwake tu ilifanya kazi yake.

Ng'ombe wa mwisho wakawa bado wanapita. Kule mbele meneja alikuwa anapunga mikono yote miwili kuwafukuza kwa mbali. Nikainua kamera. Lenzi ndefu ina tabia ya kubana umbali. Vilivyo nyuma huvisogeza mbele na kuvikuza. Nyuma ya nyumba, kwenye mwinuko, meneja alikuwa ameegesha malori yake mawili yakiwa yameoshwa ili wageni wayaone. Kwa macho ya kawaida yalikuwa kule, mbali, madogo. Kwenye lenzi yangu yalikuwa yamewasimamia watu begani. Na jua la jioni, likipiga kwa ubavu kwenye ile rangi ya bluu iliyopakwa kwa haraka na kwa ubahili, lilikuwa limezifufua herufi za zamani chini yake. Jina la shirika letu, lote, herufi moja moja, lilikaa juu ya kofia ya meneja kama kibao cha duka.

Ng'ombe walipokwisha kupita, mwalimu alinifikia akihema. "Bado? Nikawaambie nini tena?"

Ningeweza kumtuma awahamishe hatua tano kushoto, malori yafichwe na nyumba. Ingemchukua dakika tatu.

"Hapana," nikasema. "Wako vizuri hapo hapo."

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena, nisije nikaikosa.

Picha zilirudi kutoka Mbeya baada ya wiki mbili. Za kanisani zilikuwa nyeusi, isipokuwa moja yenye kitu chekundu ambacho familia ilikubaliana kuwa ni taa ya ekaristi. Sikuwabishia. Za karamuni zilikuwa kali kuliko zote nilizowahi kupiga. Ya pamoja ilikuwa na ukungu kwenye pembe mbili za chini, na juu yake watu arobaini, na juu yao lile jina.

Nilimpelekea meneja bahasha. Alizipitia moja moja kwenye kochi. Ile ya kufuta jasho niliitoa kabla. Ninayo mpaka leo. Alipofika kwenye ya pamoja akaisogeza karibu na macho. Nikashika mkoba, tayari kusimama.

"Umeyaleta malori karibu," akasema taratibu.

"Ni lenzi, mkuu."

"Yanaonekana makubwa. Yanaonekana kama kampuni." Akaipeleka dirishani, akaitazama tena. Nikaona macho yake yakipita kwenye herufi zile na kuendelea, kama macho yanavyopita kwenye kitu yalichokiona kila siku kwa miaka kumi na miwili. "Hii uikuze. Ukubwa wa mwisho kabisa. Niweke hapa ukutani."

Nikaikuza. Akaitia fremu ya dhahabu, akaitundika sebuleni juu ya redio. Basi ikaanza misafara. Karani wa masjala alikwenda kumpongeza kwa harusi ya binti. Mhasibu akaenda na mkewe kumpongeza kwa nyumba. Dereva alikwenda mara mbili. Watu waliokuwa hawasalimiani naye tangu barua za wino wa kijani walivaa vizuri, wakapanda mpaka Pito, wakakaa kwenye yale makochi, wakanywa chai yake, wakatazama ukutani na kusoma. Wakirudi mjini walipita studioni kwangu, wakakaa kwenye stuli bila kupiga picha, wakacheka mpaka machozi. Hakuna aliyemwambia. Alidhani ameanza kupendwa tena, na nasikia alikuwa akimwambia mkewe kwamba watu wameanza kuelewa.

Kamera ilikuja kufunguliwa na bruda mzee wa karakana ya misheni. Hakukaza chochote. Aliidondoshea mafuta ya taa kidogo kidogo kwa siku tatu, akaipasha joto juani, na siku ya nne ikaachia. Akanionyesha nyuzi zilivyokatwa, akaniambia lenzi za namna ile huja na pete yake ya katikati: upande mmoja wa pete unaingia kwenye lenzi, upande wa pili kwenye kamera yoyote unayotaka. "Pete ilikuwa wapi?" akauliza. Nikaenda kwa kijana wa mitumba.

"Kile kipete cheusi?" akasema. "Kilikuwepo, mama. Kilikuwa kimeng'ang'ania nyuma ya darubini, nikakitoa kwa nguvu kwa sababu kilikuwa kinaharibu sura. Nilimpa mteja mmoja wa Mtowisa, amemvika mtoto mkononi. Kimemkaa kweli."

Lenzi yangu ya zamani niliirudisha kwenye kamera, lakini kwa nyuzi zile zilizotafunwa haikukaa wima tena. Iliinama kidogo upande mmoja, na upande huo wa picha ukawa na ukungu. Niliendelea kufanya kazi nayo hivyo kwa miaka miwili zaidi, nikiwaambia wateja ndiyo mtindo mpya wa Mbeya. Ofisi zote za mji ule zina mafaili ya wakati huo yenye picha zangu, na katika kila picha mtu anaonekana vizuri, koti la kuazima limemkaa, macho yanaangalia mbele, isipokuwa sikio lake la kushoto, ambalo halipo.